Elfu kumi ya kukaa juani

Goli lilitufikia masikioni kabla ya machoni. Tulikuwa ndani ya kibanda umiza, mitaa miwili kutoka uwanjani, katika mji mmoja wa mkoani nilikokwenda kuwajulia hali wakwe zangu. Kwenye runinga mchezaji alikuwa bado anautega mpira kwenye kona. Lakini kelele za uwanjani zilikuwa zimeshapenya kwenye mabati, na vijana wa benchi la mbele walikuwa wameshasimama, mikono juu, wakingoja picha iwathibitishie walichokisikia. Ikafika baada ya sekunde chache: kona, kichwa, wavuni. Wakashangilia mara ya pili.

Kisha kamera ikazunguka uwanja. Jukwaa kuu, lenye paa, lilikuwa na watu wa kutosha. Upande wa mzunguko ngazi za zege zilikuwa tupu sehemu kubwa, saruji ikimeremeta kwa jua la saa kumi. Sisi humu ndani tulikuwa tumebanana hivi kwamba mtu mmoja akitaka kutoka, benchi zima linainuka kumpisha. Wengine walisimama dirishani. Kando yangu alikaa mtoto wa shemeji yangu, mwenye miaka 11, ambaye kwa dakika zote 90 alinitajia kila mchezaji, namba ya jezi yake na timu aliyotoka.

Kibandani tulilipa 1,000 kwa mtu mzima na 500 kwa mtoto. Uwanjani kiingilio cha chini kilikuwa 10,000, kwa kuwa mgeni wa siku hiyo alikuwa mmoja wa wakubwa wa Kariakoo, yaani Simba na Yanga. Wiki mbili kabla, timu ile ile ya mji ilipocheza na timu nyingine ya mkoani, mzunguko ulikuwa 3,000. Nyuma yangu alikaa dereva wa bodaboda, jezi ya timu ya mji mwilini. Nilipomuuliza kwa nini hayuko uwanjani alinijibu bila kuondoa macho kwenye runinga: “Kaka, elfu kumi si ndiyo hesabu ya bosi?”

Hesabu ni fedha anayompelekea mwenye pikipiki kila jioni, apate abiria asipate. Jibu lake limenikaa kichwani tangu siku ile, na ndilo limenifanya niandike.

Kila msimu tunaulizana kwa nini viwanja vyetu ni vitupu, ilhali nchi nzima inazungumza mpira kuanzia kwenye daladala hadi bungeni. Jibu linalotolewa haraka ni runinga. Ni kweli, tangu mwaka 2021, shirikisho letu la soka, TFF, na Azam Media walipotia saini mkataba wa miaka 10 wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6, mechi ya Ligi Kuu imekuwa kitu cha kutazamwa popote penye king'amuzi. Watu wanasema shabiki amezoea kochi, ameshindwa na uvivu.

Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni kibanda umiza chenyewe. Mtu aliyemo kibandani hakubaki kwenye kochi. Ameoga, amevaa jezi, ametoka nyumbani, amelipa mlangoni, amekaa kwenye benchi lisilo na egemeo katikati ya jasho la wenzake. Anataka kelele, ubishi na mtu wa kukumbatiana naye mpira ukiingia. Huyo ni mtu wa uwanjani kwa kila kipimo. Amefanya kila anachopaswa kufanya shabiki isipokuwa kulipa ile elfu kumi, na asingeweza kuilipa bila kumpunguzia mtu mwingine nyumbani kwake.

Tufanye hesabu kwa kipimo ambacho serikali yenyewe imekiweka. Kuanzia Julai 2025 kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma kilipanda kutoka 370,000 hadi 500,000 kwa mwezi. Ukigawa kwa siku 30, ni kama 16,600 kwa siku, kabla ya makato. Huyo ni mwenye ajira, barua na mshahara unaojulikana tarehe yake. Kiingilio cha 10,000 kinamega zaidi ya nusu ya siku yake. Bado hajapanda bodaboda ya kwenda na kurudi, hajanunua maji, hajamnunulia mtoto karanga. Akitaka kwenda na mtoto, siku nzima imekwisha na ameingia deni la kesho. Muuza mbogamboga, fundi cherehani, kibarua wa shambani, hao ndio wengi katika miji yetu ya mikoani, na hakuna anayewapa uhakika hata wa hiyo 16,600.

Linaloniuma zaidi ni kwamba Dar es Salaam, katika Uwanja wa Benjamin Mkapa unaochukua watu 60,000, mzunguko wa mechi kubwa, hata za kimataifa, mara nyingi umekuwa 5,000 au chini ya hapo. Kwa fedha hiyo unapata kiti chako cha plastiki, unaona timu kutoka Misri, Algeria au Afrika Kusini, chini ya taa. Mwenzako wa mkoani anadaiwa mara mbili yake ili akae juu ya zege lisilo na kivuli, saa kumi jioni, mara nyingi siku ya kazi. Mwenye kipato kidogo anauziwa ghali zaidi kitu kilicho duni zaidi. Hakuna biashara nyingine ninayoifahamu inayowatendea hivyo wateja wake ikategemea warudi.

Najua klabu zenyewe zina lipi la kusema, na hoja yao ni nzito. Ligi Kuu ina timu 16. Kila timu ina mechi 15 za nyumbani, na katika hizo, mbili tu ndizo za Simba na Yanga. Mechi nyingine 13, kwa klabu nyingi, hazirudishi hata gharama za kuziandaa. Timu inasafiri kwa basi kutoka kona moja ya nchi hadi nyingine, kama Kigoma kwenda Tanga. Inalala hoteli, inakula, inalipa posho, na mishahara inangoja. Zile siku mbili ndizo msimu wenyewe. Kiongozi wa klabu anaangalia kalenda kama mkulima anayeangalia mvua: mgeni wa Kariakoo akija, avune kila kinachovunika, maana hatarudi mpaka mwakani. Zimewahi kuwapo hata timu zilizohamisha mechi yao ya nyumbani na kuipeleka mji mwingine ili zipate mashabiki wengi wa mgeni. Siwalaumu kwa kuhitaji fedha.

Ninawalaumu kwa hesabu. Tuseme uwanja una nafasi kwa watu 7,000. Ukiuza tiketi 3,000 kwa 10,000 unapata milioni 30. Ukiuza tiketi 6,000 kwa 5,000 unapata milioni 30 zile zile. Fedha ya mlangoni haijabadilika hata shilingi. Lakini katika hali ya pili una watu 3,000 zaidi wanaonunua maji, machungwa, mishikaki na jezi. Una bodaboda zinazopata abiria. Una mdhamini anayeona bango lake limezungukwa na umati. Una wachezaji wanaosukumwa na sauti ya mji wao. Na muhimu kuliko vyote, una watu 3,000 ambao wameshaijua njia ya uwanjani. Wiki mbili baadaye, mechi ya kawaida ya 3,000 ikifika, baadhi yao watakuja. Yule aliyebaki kibandani siku ya mechi kubwa hana sababu yoyote ya kuja siku ya mechi ndogo.

Tena fedha ile haibaki yote klabuni. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) inamegwa kwanza. Zinafuata gharama za uwanja, ambao kwa sehemu kubwa mikoani ni mali ya CCM, na migawo mingine ya kuendesha mchezo. Klabu inapopandisha bei inabeba yenyewe chuki ya shabiki, huku ikigawana na wengine kile ilichokipata. Ningependa siku moja serikali iitazame kodi hiyo kwa tiketi za mzunguko, lakini hilo ni jambo la kuandikiwa makala yake.

Wapo watakaonitajia Uingereza. Watasema kule tiketi ni ghali kupita kiasi na bado viwanja vinajaa, kwa hiyo bei haina neno, tatizo ni ubora wa mpira. Hoja hii naisikia kila ninapozungumzia viingilio, na inahitaji kujibiwa vizuri.

Kule kuna foleni. Nyuma ya kila mwenye tiketi amesimama mwingine anayeingoja, na nyuma yake mtalii aliyesafiri kutoka bara jingine. Bei ikipanda, kiti hakibaki kitupu, anabadilika anayekikalia. Anaondoka kijana wa mtaani, mtoto wa fundi wa bandarini, anaingia mwenye uwezo. Kwa hiyo hata kule bei ina neno kubwa, ila halionekani kwa kuhesabu vichwa. Wenyewe wamelalamika na wamepigana. Tarehe 6 Februari 2016, Liverpool ilipocheza na Sunderland nyumbani, maelfu ya mashabiki walisimama na kuondoka uwanjani dakika ya 77, kwa kuwa klabu ilikuwa imetangaza kwamba tiketi ya bei ya juu katika jukwaa jipya itakuwa pauni 77. Walipoondoka Liverpool ilikuwa inaongoza 2-0. Mechi iliisha 2-2. Siku chache baadaye wamiliki waliomba radhi na kuifuta bei ile. Mwezi uliofuata klabu za Ligi Kuu ya Uingereza zilikubaliana kwamba shabiki anayesafiri ugenini asitozwe zaidi ya pauni 30, na ukomo huo ulianza msimu wa 2016/17.

Klabu zile ni tajiri, na zina uhakika wa kuuza kila kiti kwa bei yoyote. Hata hivyo zilikaa mezani na kukubaliana ukomo wa bei kwa kundi moja la mashabiki, kwa sababu zilitambua kwamba kelele za wageni katika kona ya uwanja ni sehemu ya mpira unaouzwa duniani. Ujerumani wamekwenda mbali zaidi. Jukwaa la kusini la Borussia Dortmund lina nafasi za watu 24,454 waliosimama, na tiketi za pale ni za bei nafuu. Ukiuliza watu wa Dar es Salaam wanakumbuka nini kuhusu Dortmund, wengi watakutajia ule ukuta wa njano kabla hawajamtaja mchezaji.

Sisi hatuna foleni. Uwanja wa mkoani ukipandisha bei, hakuna tajiri anayekuja kukikalia kile kipande cha zege alichokiacha dereva wa bodaboda. Kinabaki kitupu, na kamera inakionyesha nchi nzima. Penye foleni bei huchagua watu. Pasipo na foleni bei hufukuza watu. Anayeiga bei za penye foleni akiwa pasipo na foleni anajimaliza mwenyewe.

Tena afadhali tukumbuke kwamba picha ya runinga nayo ina thamani kutokana na watu waliomo. Mkataba wa haki za matangazo utafika mwisho wake, na siku ya kuzungumza upya mezani, atakayekuja kununua atataka kujua ananunua nini. Mechi ya Kariakoo inajiuza. Je, zile nyingine zote, zinazochezwa mbele ya ngazi tupu, mwangwi wa kocha ukisikika hadi kwenye kipaza sauti cha mtangazaji? Klabu zinazomfukuza shabiki kwa ajili ya mapato ya siku mbili zinaipunguzia thamani bidhaa inayozilisha mwaka mzima.

Kwa upande mwingine, sitaki mtu adhani ninaomba bure. Tumeshazoea mechi kubwa kufunguliwa mzunguko bila kiingilio, au kiongozi kununua maelfu ya tiketi na kuzigawa. Nia ni njema, na uwanja unajaa. Lakini bure ina gharama yake. Mtu asiye na tiketi yenye jina wala kiti huwahi alfajiri, na anayechelewa husukuma. Kusukumana langoni kuna hatari tunazozijua. Tarehe 28 Mei 2023, Yanga ilipocheza na USM Alger mkondo wa kwanza wa fainali ya Kombe la Shirikisho, katika siku ambayo ingekuwa ya furaha tupu kwa soka letu, msongamano katika Uwanja wa Mkapa uliondoa uhai wa mtu mmoja na kujeruhi wengine kwa makumi. Yanga ilifungwa 2-1 siku hiyo, na huo ndio msiba unaotajwa zaidi hadi leo. Mimi namkumbuka aliyekwenda kutazama mpira akarudishwa nyumbani akiwa maiti.

Majirani zetu wa Kenya walilionja hilo mwezi Agosti 2025, tulipoandaa pamoja nao na Uganda fainali za CHAN. Kiingilio cha chini kilikuwa shilingi 200 za kwao, bei ya mwananchi wa kawaida, na Uwanja wa Kasarani, Nairobi, ukafurika. Timu yao ya taifa, Harambee Stars, iliwafunga DR Congo na Morocco, jiji zima likataka kuingia, na watu wasio na tiketi wakavamia malango. CAF ikawapunguzia: kwa mechi ya Zambia waliruhusiwa tiketi 27,000 tu. Somo ninalolipata pale lina pande mbili. Bei ya haki pamoja na timu inayopigana inawaleta watu, tena watu ambao tuliambiwa wameshausahau uwanja. Lakini bei ya haki bila malango ya haki inamwadhibu yule yule aliyelipa.

Malango ni sehemu ya bei. Mama anayefikiria kwenda na binti yake anajiuliza kwanza watapitaje pale mlangoni, wataingia wapi chooni, watatokaje usiku. Hayo hayaandikwi kwenye bango la viingilio, lakini yeye anayahesabu. Tangu tulipoanza kutumia kadi za N-Card kununua tiketi, walanguzi wa vikaratasi wamepungua na fedha zinaonekana zinakoenda. Hiyo ni hatua ya kweli. Bado kwenye viwanja kadhaa vya mikoani watu 4,000 wanapitishwa kwenye mlango mmoja wa chuma uliofunguliwa nusu, na askari mmoja mwenye kirungu.

Na kuna muda. Shabiki wa Kitanzania ametendewa vibaya zaidi katika muda kuliko katika fedha. Tarehe 8 Mei 2021 mechi ya Simba na Yanga ilipangwa saa 11 jioni; siku hiyo hiyo ikasogezwa hadi saa 1 usiku; Yanga wakafika kwa ratiba ya kwanza na kukataa ya pili, na watu waliojaa uwanjani wakarudi nyumbani bila kuona mpira ukianzishwa. Ilichezwa Julai. Tarehe 8 Machi 2025 yakajirudia kwa sura nyingine: mgogoro wa Simba kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani, tamko la kutocheza, na Bodi ya Ligi ikaahirisha mechi siku yenyewe ya mechi. Ilikuja kuchezwa tarehe 25 Juni, Yanga ikashinda 2-0. Tiketi inaweza kuhamishiwa siku nyingine. Nauli ya basi kutoka Mbeya au Mwanza haihamishiki, wala ruhusa aliyoomba mtu kazini, wala usiku aliolala kituo cha mabasi. Hakuna aliyewauliza watu hao walitumia shilingi ngapi. Mtu akishafanyiwa hivyo mara mbili, kiingilio hata kikiwa 2,000 atakiona ni ghali.

Nilikulia Temeke, si mbali na Uwanja wa Taifa wa zamani, huu wa Uhuru ambao wenyewe tuliuita Shamba la Bibi. Novemba 1993 Simba ilifika fainali ya Kombe la CAF, ikacheza na Stella ya Abidjan pale pale, na ikafungwa 2-0 mbele ya mji mzima. Mimi mechi hiyo niliisikiliza redioni, nimelala kifudifudi kwenye mkeka, kwa sababu siku ile fedha ilitosha kwa baba peke yake. Aliporudi hakusema neno mpaka asubuhi. Lakini mapenzi yangu ya mpira hayakuanzia kwenye fainali. Yalianzia kwenye mechi za kawaida za katikati ya wiki, Pamba, Reli, Tukuyu Stars, ambazo baba alinipeleka kwa kunishika mkono. Kiingilio kilikuwa cha mtu wa kawaida, na mtoto aliyeshikwa mkono hakuulizwa tiketi. Niliona namna watu wazima wanavyolia. Niliona mgeni akimgawia mgeni muwa. Nikatoka pale nikiwa shabiki, na nimekuwa nikilipa viingilio kwa zaidi ya miaka 30.

Nani anamshika mkono mtoto wa leo? Mtoto wa shemeji yangu anawajua wachezaji wa Ligi Kuu kuliko mimi. Anajua pia kikosi cha Arsenal na cha Real Madrid, maana kibanda ni kile kile na bei ni ile ile, 500. Kwake yeye timu ya mji wake na timu ya London ziko umbali sawa: zote zimo ndani ya kioo. Na kioo kikiwa ndicho mizani, sisi hatuwezi kushindana na London. Kitu pekee tunachoweza kumpa ambacho Arsenal hawawezi kumpa ni kumwingiza uwanjani, akaona mchezaji aliyemtaja kwa jina akipita mita tano mbele yake, akasikia mpira unavyolia ukipigwa.

Kwa hiyo ninaomba mambo machache, na ninayaomba kwa Bodi ya Ligi na kwa viongozi wa klabu, maana yako ndani ya uwezo wao na hayahitaji mfadhili.

Mzunguko uwekewe ukomo kwa mechi zote, awe mgeni ni Simba, Yanga au mwingine yeyote. Mimi nasema usizidi 5,000. Wao wakae na hesabu zao, waje na namba wanayoweza kuitetea mbele ya watu. Jukwaa kuu waliachie klabu. Mwenye uwezo wa kulipa 30,000 au 50,000 akae kivulini, apewe maji baridi na maegesho ya gari, na fedha yake iwabebe walio juani. Huko ndiko kwa kuvunia. Viingilio vitangazwe pamoja na ratiba mwanzoni mwa msimu, ili mtu wa Kahama ajue tangu Agosti kwamba Februari anahitaji kiasi fulani, aweke kidogo kidogo. Leo bei inatangazwa siku tatu kabla, na mara nyingine inabadilika jioni yake.

Kadi tunazo, tuzitumie. N-Card inaweza kukumbuka kwamba mtu fulani alikuja kwenye mechi tatu za kawaida. Huyo auziwe mechi ya Kariakoo kwa bei ile ile aliyolipa siku za upweke, na auziwe kwanza, kabla ya dirisha kufunguliwa kwa wengine. Klabu itapata watu katika mechi zake 13 zisizo na mvuto, na shabiki ataona kwamba uaminifu wake umeandikwa mahali. Wanafunzi waliovaa sare waingie kwa 500, bei ya kibanda, wakiwa na mwalimu au mzazi, na watengewe upande wao. Nafasi hizo leo hazina mtu. Klabu haitapoteza chochote inachokipata sasa.

Najua viongozi watasema wataanza mgeni mkubwa akishaondoka, au msimu ujao, au uwanja ukishakarabatiwa. Ninawasihi waanze na mechi moja. Wachague mechi moja ya Simba au Yanga, washushe mzunguko hadi 5,000, wafungue milango mitatu badala ya mmoja, kisha wahesabu fedha na watu usiku ule ule. Wakipata hasara waniambie, nitaandika hapa hapa kwamba nilikosea.

Jioni ile mechi ilipokwisha tulitoka kibandani, tukapita nje ya uwanja wakati watu wa jukwaa kuu wakiingia kwenye magari yao. Geti la mzunguko lilikuwa wazi, askari ameshaondoka. Mtoto akaniomba, “Baba mdogo, naomba tuchungulie.” Tukaingia hadi kwenye ukingo wa zege. Akasimama akiutazama uwanja, nyasi zilizochimbuliwa na njumu, wavu bado haujaondolewa, na hakuzungumza kwa muda mrefu. Nilimuuliza kama ni mara yake ya kwanza. Ameishi mitaa miwili kutoka pale tangu alipozaliwa, na ilikuwa mara yake ya kwanza.